Sura ya Saba: Kupanda Mchongoma

Watu wa Kanda ya Ziwa wana sababu ya zamani ya kutoiamini mizani kwa kuitazama tu. Pamba ilipokuwa ndiyo dhahabu ya Usukuma, katika miaka iliyofuata Vita Kuu ya Pili ya Dunia, mkulima aliyelibeba gunia lake mwenyewe mpaka kituo cha kununulia alikuwa na maarifa ya mgongoni juu ya uzito wake, na mara nyingi maarifa hayo hayakupatana na hesabu aliyosomewa na mnunuzi. Ndipo wakulima wakaweka wapimaji wao wenyewe wasimame kando ya mizani ya mfanyabiashara, na manung'uniko hayo yakawa miongoni mwa mambo yaliyomwezesha Paul Bomani na wenzake kujenga vyama vya ushirika ambavyo mwaka 1955 vilikuwa vimekwisha kuungana katika shirikisho moja kubwa lenye makao yake Mwanza. Pamba imepungua heshima yake tangu wakati huo, lakini hadhari ile haikufa: katika soko la Mwaloni, Kirumba, mnunuzi mzoefu wa dagaa hataki kujua kilo peke yake, bali hutaka kujua pia dagaa wamekauka kadiri gani, kwa kuwa anajua kwamba maji nayo yana uzito, na kwamba mizani iliyo sahihi kabisa yaweza kusema kweli juu ya kilo na ikanyamaza juu ya kitu kilichopimwa.

Hadhari ya namna hiyo ndiyo inayohitajika kwa mtu atakaye kuelewa jambo lisababishalo majuto mengi katika masumbwi, yaani uamuzi wa bondia wa kuliacha kundi la uzito alilolizoea na kupanda kwenda kupigana na watu walioumbwa wakubwa kuliko yeye. Mizani iliingizwa katika mchezo huu kwa ajili ya insafu. Katika zama za kwanza za masumbwi ya Uingereza mtu mwembamba aliweza kusimamishwa mbele ya pandikizi la mtu, na aghalabu mshindi akawa yule ambaye maumbile yalimpendelea. Hivyo uzito ukagawanywa makundi, ili ustadi, wepesi na ushujaa vipate uwanja wa kupimana pasipo mwili mkubwa kuumeza mdogo. Leo makundi yanayotambuliwa na mashirika yote makubwa ya ngumi za kulipwa ni 17, nayo yamebeba majina ya Kiingereza ambayo wapenzi wa ngumi wa Mwanza hawajisumbui nayo sana, kwani wao husema tu kwamba fulani anapigana kilo 61, na fulani kilo 70, na maneno yakaeleweka.

Umbali baina ya ngazi hizo, ukiusoma katika karatasi, huonekana kuwa mdogo mno hata mtu akashangaa kwa nini uzushe mjadala. Baina ya uzito wa welta, ambao kikomo chake ni kilo 66.7, na ule unaoufuata wa kilo 69.9, ipo tofauti ya kilo tatu na kitu; kutoka hapo mpaka uzito wa kati wa kilo 72.6 hazitimii hata kilo tatu. Na kwa watu wembamba wa kilo 50 ngazi zimesogezwa karibu zaidi, kilo moja na nusu hivi, kwa sababu kilo moja kwa mwili mdogo ni sehemu kubwa kuliko ilivyo kwa mwili mkubwa. Kilo tatu mtu wa kawaida huziongeza kwa mwezi mmoja wa harusi na matanga bila ya kutanabahi. Udogo huo wa hesabu ndio mtego wa kwanza, kwa maana bondia huambiwa, na mwenyewe hujiambia, kwamba kinachotakiwa ni kula tu.

Lakini mizani ya masumbwi hushuhudia saa moja tu ya maisha ya mtu. Tangu miaka ya 1980 imekuwa desturi kuwapima mabondia siku moja kabla ya pambano, na kwa desturi hiyo mtu apimwaye Ijumaa mchana hupigana Jumamosi usiku, baada ya kunywa, kula na kulala. Bondia aliyezaliwa kwa ajili ya uzito wa kilo 72.6 haishi katika kilo 72.6: yeye katika siku zake za kawaida ni mtu wa kilo 78 au 80, aliyejikausha kwa jasho na kiu ili aifikie namba ile, na usiku wa pambano amekwisha kurudishiwa sehemu kubwa ya alichokipoteza. Mgeni wake aliyepanda kutoka chini, kinyume chake, hakuwa na haja ya kujikausha. Alikula ili afike, akafika, na alichopimwa nacho ndicho atakachopanda nacho ulingoni. Kwa hiyo wawili waliotangazwa kuwa sawa mbele ya wapiga picha hukutana kesho yake wakiwa wameachana kwa kilo nne, tano au zaidi, na wala hakuna aliyedanganya.

Hata tukijaalia kwamba kilo zimelingana kweli, lipo swali la kilo hizo zimekaa wapi. Mtu hawezi kuongeza urefu wa mkono wake kwa chakula, wala upana wa mabega, wala unene wa mfupa wa kifundo na wa taya. Kiunzi alichopewa ndicho alichonacho, na uzito mpya hauna budi kuvikwa juu ya kiunzi kile kile. Akiwa ameupata kwa pupa, kwa ugali wa usiku na michembe ya alasiri, aghalabu atakuwa amejifunga mzigo wa shahamu usiopiga wala kukinga. Akiwa ameupata kwa mazoezi mazuri ya miezi mingi, atakuwa na misuli ya haki, na hiyo ni afadhali kubwa. Lakini misuli nayo hutaka damu na pumzi, na moyo uliozoea kuuhudumia mwili wa kilo 67 kwa raundi 12 sasa hutakiwa kuuhudumia mwili wa kilo 73 kwa muda ule ule. Ndiyo sababu bondia aliyepanda aghalabu huanza vizuri, akawafurahisha mashabiki wake kwa raundi nne au tano, kisha miguu ikaanza kumsaliti kwenye raundi ambazo zamani zilikuwa zake.

Fauka ya hayo yapo madhara ya kukumbatiana, ambayo mtazamaji huyaona kuwa ni mapumziko. Bondia mkubwa mwenye akili hamshiki mdogo ili apumzike; humshika ili amwegemee, amtwishe shingoni kifua na mabega yake, amlazimishe kumsukuma, na kila msukumo ni akiba ya nguvu iliyotolewa bure. Na lipo la nguvu ya ngumi zenyewe. Mpigaji aliyezoea kuona watu wakianguka kwa mkono wake wa kulia huupiga mkono ule ule juu ya kichwa kilichobebwa na shingo nene zaidi, naye hashangazwi na maumivu ya kupigwa kama anavyoshangazwa na kumwona mpigwaji bado amesimama. Tangu hapo hesabu yake yote huharibika: pambano alilozoea kulimaliza kwa raundi tatu huwa la raundi kumi, na raundi zile saba za ziada hazikuwamo katika maandalizi ya mwili wake wala ya moyo wake. Nao ubongo haufanyi mazoezi. Shingo yaweza kunenepa na tumbo likakazwa kama ubao, lakini kile kilichomo ndani ya fuvu hakiongezeki nguvu kwa chakula wala kwa kukimbia vilima vya Mwanza alfajiri, na kila pigo zito zaidi hukitikisa kama kilivyo.

Mifano ya mambo haya hatuna haja ya kuifuata mbali, kwani ufuo wa kaskazini wa ziwa letu hili, ambako meli za Mwanza zilikuwa zikipakua mizigo Port Bell, umetoa mabondia wawili ambao maisha yao yanatosha kuwa darasa.

Wa kwanza ni Ayub Kalule wa Kampala. Mwaka 1974, katika mashindano ya kwanza ya dunia ya ngumi za ridhaa yaliyofanyika Havana, alitwaa medali ya dhahabu katika uzito wa kilo 63.5, kisha akahamia Denmark, akaingia katika ngumi za kulipwa, na mwili wake ulipokuwa ukikomaa akapanda kwa taratibu mpaka kilo 69.9, ambako Oktoba 1979, katika mji wa Akita, Japani, alimshinda Masashi Kudo kwa pointi na kuwa bingwa wa dunia wa WBA. Huko kulikuwa kupanda kwa mtu aliyekua, kusikokuwa na haraka, na matunda yake yalikuwa mkanda. Lakini tarehe 25 Juni 1981, katika uwanja wa Astrodome mjini Houston, alikutana na mtu mwingine aliyepanda: Sugar Ray Leonard, bingwa wa welta, aliyekuja kumtafuta katika uzito wake mwenyewe na kumsimamisha katika raundi ya tisa. Msomaji atauliza, je, hilo halivunji yote tuliyoyanena? Haliyavunji, bali linayafafanua. Kwani Leonard kwa kimo na urefu wa mikono hakuwa mdogo kwa Kalule, na kasi yake, ambayo ndiyo iliyokuwa silaha yake, aliipandisha pamoja naye bila ya kuipunguza. Aliyepanda kwa mizani hakuwa amepanda sana kwa umbo.

Kalule mwenyewe alishindwa na Davey Moore na Mike McCallum mwaka 1982, wote kabla ya raundi zilizopangwa kutimia, akakaa kando, kisha akarudi katika uzito wa kati. Huko alifika mbali kiasi cha kutwaa ubingwa wa Ulaya mwaka 1985, lakini Februari 1986, mjini Sheffield, Herol Graham alimsimamisha katika raundi ya kumi, na hilo likawa pambano lake la mwisho. Ngazi ile ya pili alikuwa ameipanda akiwa na mapigo mengi mwilini, na ilimpa mkanda wa Ulaya, si wa dunia.

Wa pili ni John Mugabi, aliyeitwa na walimwengu Mnyama. Katika Olimpiki ya Moscow ya mwaka 1980 alipata medali ya fedha katika uzito wa kilo 67, akishindwa katika fainali na Andrés Aldama wa Kuba. Na alipoingia katika ngumi za kulipwa aliwaangusha au kuwasimamisha wapinzani wake wote 25 wa mwanzo, hata mmoja asifike naye mwisho wa pambano. Alikuwa akihesabiwa miongoni mwa washindani wa mbele wa kilo 69.9, na laiti angesubiri zamu yake huko pengine angekuwa bingwa mapema. Lakini mlango uliofunguka kwanza, tena wenye fedha na fahari isiyo kifani, ulikuwa wa uzito wa kati, na nyuma ya mlango huo alisimama Marvin Hagler, mtu ambaye katika maisha yake yote ya ngumi za kulipwa hakupata kuuhama uzito wake, si kwa kupanda wala kwa kushuka.

Walikutana usiku wa tarehe 10 Machi 1986, Las Vegas, katika uwanja wa wazi wa Caesars Palace. Mugabi alipigana kwa ushujaa ambao waliouona hawajausahau, na katika raundi za katikati, hasa ya sita, wawili hao walibadilishana mapigo ambayo kila moja lingeweza kummaliza mtu mwingine; lakini ngumi zilizowalaza watu 25 zilimfika Hagler naye akaendelea kuja mbele, na yule aliyezoea kwenda nyumbani mapema akajikuta katika maji ya kina ambayo hakuwahi kuogelea. Katika raundi ya 11 aliketi sakafuni akihesabiwa. Tofauti ya vikomo vya uzito ilikuwa kilo tatu kasoro.

Wasimuliaji wengi huishia hapo, ilhali hapa ndipo penye fundisho. Wahenga walisema kwamba kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma; na nionavyo, hatari iliyo kubwa zaidi ya kupanda uzito haipo katika usiku ule wa taa nyingi ambao kila mtu anautazama, bali katika mapambano yanayofuata, wakati bondia anaporudi chini kwa watu wa kadiri yake, akidhani kwamba anarudi vile vile alivyoondoka. Miezi tisa tu baada ya Hagler, Desemba 1986, Mugabi alishuka tena kilo 69.9 kugombea mkanda uliokuwa wazi dhidi ya Duane Thomas, ambaye kabla ya hapo wengi wasingempa nafasi. Akasimamishwa katika raundi ya tatu kwa jeraha la jicho. Ni kweli kwamba Julai 1989, huko Ufaransa, aliupata hatimaye mkanda wa WBC, René Jacquot alipoteguka kifundo cha mguu katika raundi ya kwanza. Lakini Machi 1990 Terry Norris alimwangusha katika raundi ya kwanza. Na Novemba 1991, alipoujaribu tena uzito wa kati, katika ukumbi wa Royal Albert Hall wa London, Gerald McClellan naye alimmaliza katika raundi ya kwanza. Mtu ambaye Hagler alihitaji raundi 11 kumwangusha sasa hakuweza kuimaliza raundi moja.

Na hatima ya huyo McClellan inatisha zaidi. Akiwa bingwa wa uzito wa kati, tena mwenye ngumi zilizoogopwa kuliko za mtu yeyote wa kadiri yake, aliamua kupanda kilo 3.6, akaenda London tarehe 25 Februari 1995 kugombea mkanda wa Nigel Benn. Katika raundi ya kwanza alimpiga Benn akatoka nje ya kamba, na wengi walidhani mambo yamekwisha. Benn akarudi, akaendelea kurudi, na katika raundi ya kumi McClellan alipiga goti mara mbili, akahesabiwa mpaka mwisho, kisha akazirai katika kona yake. Damu ilikuwa imevuja ndani ya fuvu. Aliokolewa roho kwa upasuaji, lakini alipoteza macho na sehemu kubwa ya usikivu, na tangu hapo ameishi kwa kuhudumiwa na ndugu zake. Haingekuwa insafu kuzitwika kilo 3.6 peke yake lawama ya msiba huo, maana masumbwi huua na kulemaza hata baina ya waliolingana sawasawa. Lakini pigo ambalo chini lingemwachia ushindi, juu halikumwachia, naye akalazimika kukaa katika moto kwa raundi nyingi ambazo hakuwa amezizoea.

Waingereza wanao mfano mwingine, usio na msiba lakini wenye kueleza kwa uwazi habari ya kushuka. Kell Brook, bingwa wa welta, Septemba 2016 aliruka ngazi mbili kwa mara moja, kutoka kilo 66.7 mpaka 72.6, akakabiliana na Gennady Golovkin mjini London. Alipigana vizuri kwa muda, lakini mfupa unaozunguka jicho ulivunjika na kona yake ikarusha taulo katika raundi ya tano. Baada ya upasuaji alitakiwa kurudi chini kuutetea mkanda wake, akazivua zile kilo sita alizozivaa, na Mei 2017, mjini kwao Sheffield, Errol Spence alimsimamisha katika raundi ya 11, mfupa wa jicho la pili nao ukiwa umevunjika. Macho mawili na mkanda mmoja viliharibika katika miezi minane. Naye Roy Jones, ambaye Machi 2003 alipanda mpaka uzito wa juu kabisa na kumshinda John Ruiz aliyemzidi kilo 15, ushindi ambao hapana bingwa wa zamani wa uzito wa kati aliyewahi kuupata tangu Bob Fitzsimmons mwaka 1897, alishuka mwaka ule ule kwenda kilo 79.4, akamshinda Antonio Tarver kwa shida, na Mei 2004 akaangushwa na Tarver huyo huyo katika raundi ya pili. Kupanda kulimletea sifa ya karne, na kushuka kukamwonyesha kuwa ni binadamu. Misuli iliyojengwa kwa miezi haivuliwi kama koti; hutoka pamoja na maji, na nguvu, na kitu kingine kisichopimika ambacho makocha hukiita miguu.

Wala mtu asiseme kwamba ustadi mkubwa ni kinga. Sugar Ray Robinson, ambaye wajuzi wengi humweka juu ya mabondia wote waliopata kuishi, alipanda Juni 1952 kumkabili Joey Maxim aliyemzidi kilo saba hivi, katika uwanja wa wazi mjini New York, usiku ambao joto lilikuwa kali hata mwamuzi mwenyewe akashindwa kuendelea na kubadilishwa. Robinson alikuwa akiongoza kwa pointi za majaji wote. Maxim alichofanya zaidi ni kumwegemea. Na mwisho wa raundi ya 13 Robinson alirudi kitini hajui alipo, akashindwa kuinuka kwa ajili ya ile ya 14. Hakuna aliyemshinda kwa ustadi usiku ule. Joto lilimshinda, na kilo za mtu mwingine.

Tukirudi kwetu, Tanzania nayo ina kumbukumbu yake yenye maana katika habari hii. Katika Michezo ya Jumuiya ya Madola iliyofanyika Edinburgh mwaka 1970, Titus Simba alitupatia medali ya fedha katika uzito wa kati, akishindwa katika fainali na kijana wa Liverpool aitwaye John Conteh. Conteh alipoingia katika ngumi za kulipwa alijaribu kwanza kupigana na watu wa uzito wa juu, akaona kwamba huko si kwake. Akashuka kwenda kilo 79.4, na mwaka 1974 akawa bingwa wa dunia. Kilichompa mkanda ni kukubali mapema kwamba amepanda kupita kiasi, na kushuka kabla ya mwili kuharibiwa. Na miaka 48 baada ya Edinburgh, tarehe 8 Septemba 2018, Hassan Mwakinyo wa Tanga alikwenda Birmingham kukutana na Sam Eggington, aliyekuwa bingwa wa Ulaya wa welta na ambaye alikuwa amepanda kwenda kilo 69.9. Walioandaa pambano hawakumleta Mtanzania yule ili ashinde. Alishinda katika raundi ya pili, nyumbani kwa mwenyeji wake. Sifa ya mtu katika uzito wa chini haimfuati juu kwa lazima, na anayemngojea huko hana wajibu wa kuisoma.

Mbona basi watu wanapanda, kama bei ni hii? Wengine hupanda kwa haki: kijana wa miaka 18 aliyeanza ngumi za ridhaa akiwa na kilo 54 na sasa mifupa yake bado inarefuka, akiulazimisha mwili kubaki katika kilo zile kwa kiu na mvuke, anajidhuru vibaya kuliko yule anayepanda, kwa maana ubongo uliokaukiwa huingia ulingoni ukiwa umepoteza sehemu ya kinga yake; huyo kumzuia asipande ni dhuluma. Wengine hupanda kwa tamaa ya makuu, na hao tuwaachie hesabu yao, kwani Terence Crawford naye alipanda ngazi mbili Septemba 2025 na kumshinda Saúl Álvarez, na dunia itaendelea kumtaja yeye na kuwasahau walioanguka. Lakini walio wengi katika miji iliyo mbali na Dar es Salaam hupanda kwa uhaba. Bondia wa mkoani hana wapinzani kumi wa kilo zake wa kuchagua. Hukaa miezi bila pambano, kisha promota humpigia simu kwamba yupo mtu wa kilo sita juu yake, tarehe ni baada ya majuma matatu, na fedha ni taslimu. Naye kodi ya nyumba inamdai, na watoto wanataka kula. Kumwambia mtu huyo habari za Brook na Golovkin bila ya kumpa maarifa ya kutumia ni kumfanyia mzaha.

Maarifa yenyewe hayana siri. Ajipime kila asubuhi kabla ya kula, kwa miezi, na aandike. Uzito wa asubuhi za kawaida, usio wa siku ya mkataba, ndio uzito wake, na asikubali kupigana na mtu ambaye asubuhi zake za kawaida zimepita zake mbali. Amwulize kocha wake mpinzani hupimwa na ngapi na hupanda ulingoni na ngapi, kwani habari hiyo hupatikana kwa anayeitafuta. Akiazimia kupanda, misuli ije kwa miezi na sio kwa majuma, na pambano la kwanza la juu liwe la raundi chache na mtu wa kadiri, ili mwili ujue mapema kama pumzi zitatosha. Aende hospitali ya Bugando kabla ya kambi na baada ya pambano, macho na kichwa vikaguliwe na watu waliosomea, hata akijisikia mzima, kwani majeraha ya ndani hayana desturi ya kutoa taarifa. Kona yake iwe ya mtu asiyeona haya kurusha taulo. Nayo Kamisheni ya ngumi za kulipwa, ambayo ndiyo yenye kibali mkononi, haina budi kuutazama uzito wa mapambano yaliyotangulia wa kila mmoja, na sio ule wa siku ya kupima pekee, kabla ya kuidhinisha pambano la watu walioachana ngazi mbili.

Juu ya hayo yote liwepo sharti moja, ambalo ndilo linalosahauliwa kuliko mengine: mtu asipande mpaka amekwisha kupanga atashukaje. Baada ya pambano la juu atapumzika miezi mingapi. Atabaki huko au atarudi. Akirudi, kilo zitatoka kwa muda gani na chini ya uangalizi wa nani. Na akishindwa vibaya, ni nani mwenye mamlaka ya kumkatalia pambano linalofuata hata kama yeye mwenyewe analililia? Promota hana sababu ya kuyauliza maswali haya, kwa kuwa faida yake huisha usiku ule ule wa pambano. Bondia na kocha wake ndio watakaoishi na majibu, na maadamu hawajayapata, mkataba wa kupanda usitiwe saini.